Upande wa Pili wa Maji

 

Wiki iliyopita nilibeba kinasa sauti changu nikaenda kuuliza watu swali moja. Sikwenda mbali. Niliwauliza majirani zangu, mahali ninapoishi tangu mwaka 2006: kwa nini unapapenda hapa?

Ninaishi Kigamboni. Kwa asiyeijua, Kigamboni ni ng'ambo tu ya katikati ya Dar es Salaam. Ukisimama pale Feri, kwenye soko la samaki, unaiona. Unaiona minazi, unawaona watu wamejipanga upande ule wakisubiri kuja upande huu, na kama macho yako hayajachoka unaweza kumtambua jamaa yako kwa shati lake. Ni mita mia chache za maji, mlango wa bandari. Pantoni ikishang'oa nanga haifikishi dakika kumi. Lakini mita hizo chache zimetufanya tuitwe watu wa upande wa pili. Mpaka leo ukikutana na mtu wa mjini anakuuliza, "Hivi wewe bado unakaa kule?" Na hiyo "kule" anaivuta kweli kweli, kama vile tunagongewa muhuri wa pasipoti kila tukivuka.

Sasa nilipotoka na kinasa sauti changu nilidhani majibu nayajua. Nilidhani nitaambiwa upepo. Nitaambiwa bahari, viwanja vikubwa, utulivu. Ndiyo maneno ya madalali. Dalali wa kiwanja akikupigia simu huanza hivyo hivyo: karibu na bahari, upepo mwanana, maji yapo, umeme upo, hati iko njiani. Hati ya dalali iko njiani siku zote.

Wa kwanza nilimkuta Mjimwema, mzee mmoja ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamuuliza swali langu. Hapo ndipo akaacha sindano, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anampenda mama yake.

"Kitovu changu kimezikwa pale," akasema, akaonyesha mnazi. "Na baba yangu yuko pale," akaonyesha makaburi. "Sasa mimi niende wapi? Wa kuulizwa ni nyinyi mliokuja. Nyinyi mlifuata nini?"

Nikacheka, lakini lile swali lilinifuata njia nzima. Maana mzee alikuwa na haki. Pwani ile ina wenyewe. Wazaramo wamevua na kulima hapo kabla Dar es Salaam haijawa mji. Kule Mbwamaji kulikuwa na makazi ya pwani ya siku nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siku za ujamaa, mahali hapo hapo kikaanzishwa kijiji wakakiita Gezaulole. Ni Kizaramo hicho, maana yake jaribu uone. Nadhani hakuna jina la kitongoji lililo la kweli kuliko hilo. Kila aliyehamia upande wa pili alikuja kwa kujaribu aone.

Na waliokuja kujaribu ni wengi, kila kundi na wakati wake. Mwaka 1961 kilianzishwa Chuo cha Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kikaleta wanafunzi na walimu. Kikaja kiwanda cha kusafisha mafuta, kikaleta mafundi na familia zao. Halafu mwaka 2002 serikali ikaanza ule mradi wa viwanja 20,000 jijini, na huku kwetu vikapimwa Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole. Hapo sasa wakaja watumishi, walimu, wahasibu, wauguzi, watu waliochoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo Sinza na Magomeni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu kama 162,000 katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Kigamboni. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 317,000. Miaka kumi tu, tumekaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo ukikutana na watu wawili barabarani huku kwetu, mmoja wao huenda ni mgeni wa juzi.

Tuwasikilize basi hao waliojaribu wakaona.

Kuna mama anayekaanga mihogo karibu na geti la pantoni, upande wetu. Mihogo, kachori, na pilipili yake ya ukwaju ambayo watu wazima wanaipigania. Nilimkuta anageuza kikaangio, nikamuuliza: mama, kwa nini unapapenda hapa? Hakunijibu kwanza. Alitoa chini ya meza daftari la shule lililolowa mafuta, akalifungua mbele yangu. Mistari imejaa majina, na mbele ya majina ni hesabu: mia tano, elfu moja, elfu moja na mia tano.

"Hili ndilo jibu," akasema. "Huyu analipa mwisho wa mwezi. Huyu ni wa chuo, analipa akitumiwa hela na baba yake. Huyu alihamia Chanika mwaka juzi akiwa na deni la elfu nne. Alirudi kuja kulilipa. Alivuka maji kuja kulipa mihogo." Kisha akafunga daftari. "Mahali ambapo mtu hakujui, utamkopesha?"

Huko Kibada nilimkuta dada mmoja mwalimu, kwao ni Bukoba. Alihamia nyumba ikiwa haina dari wala madirisha, ameziba kwa mabati na mabango ya zamani ya matangazo. Wenye kujenga kidogo kidogo mnaielewa hali hiyo. Unahamia nyumba haijaisha, nyumba inaisha na wewe ukiwa ndani. Yeye aliniambia hivi: "Usiku wa kwanza nililala na panga chini ya kitanda. Sikuwa namjua mtu. Asubuhi nikasikia hodi. Ni bibi wa nyumba ya tatu, ameleta mbegu za mchicha kwenye kikopo cha maziwa. Akaniambia, mjukuu wangu, ardhi hii ni mchanga, bila samadi hupati kitu, mbuzi wangu wana samadi, njoo na ndoo." Mwalimu huyo sasa ana bustani, ana migomba mitatu anayoibembeleza iote kwenye mchanga wa pwani, na lile panga anakatia majani.

Nikamfuata kijana wa bodaboda kwenye kijiwe chao. Nilimuuliza akaanza kwa mzaha, akasema anapapenda kwa sababu askari wa barabarani ni wachache. Wenzake wakacheka. Kicheko kilipotulia akavuta suruali juu ya goti akanionyesha kovu refu. "Nilianguka pale kona ya chini, mvua inanyesha. Wa kwanza kunifikia aliniita kwa jina. Kaka, mimi nimeendesha bodaboda Kariakoo miaka miwili. Kule ukianguka, wa kwanza kukufikia anaangalia simu yako."

Mwingine alikuwa mama mstaafu, muuguzi wa zamani, ana kibanda cha kuku na ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake kumi na wanane. Huyu hakutaka hata kunaswa sauti. Alisema tu: "Mume wangu alipofariki, sikununua hata kiberiti siku saba." Akaendelea kuwamwagia kuku chakula.

Nikarudi nyumbani, nikakaa barazani kusikiliza nilichonasa. Nilisikiliza mara mbili. Kuna kitu kilinishangaza, nikaona leo nikilete kwenu.

Hakuna hata mmoja aliyenitajia bahari. Bahari iko pale, unaisikia ikipiga, wanakuja watu kutoka mikoani kuiona, na wenyeji hawakuitaja. Hakuna aliyetaja upepo. Hakuna aliyetaja Daraja la Nyerere, lile refu lenye nyaya, mita 680 juu ya maji ya Kurasini, ambalo wageni wanapiga picha. Karibu kila mmoja nilipomuuliza kwa nini anapapenda hapa alinijibu kwa kunitajia mtu. Mdaiwa aliyerudi kulipa. Bibi wa mbegu. Aliyeita jina. Wanawake walioleta kiberiti.

Nikajiuliza, watu hawa walijuana wapi? Maana ukaribu wa nyumba peke yake haujulishi watu. Mjini kuna maghorofa ambayo mtu anakaa miaka mitano, anayemjua ni mlinzi tu.

Jibu langu mimi, ndugu msikilizaji, ni kwamba tulijuana kwenye foleni.

Nieleze. Kabla ya daraja, mtu wa Kigamboni mwenye kazi mjini alikuwa na njia mbili. Avuke kwa pantoni, au azunguke kwa barabara kupitia Kongowe na Mbagala, safari ya kumtoa mtu roho. Kwa hiyo wote tulikuwa wa pantoni. Mkurugenzi mwenye gari, mwanafunzi, muuza mkaa, mama mwenye ndoo ya dagaa, sheikh, padri, wote tulisimama kwenye banda lile lile. Pantoni moja ikiharibika, mnasubiri. Meli kubwa ikiingia bandarini, pantoni inasimama kuipisha, mnasubiri. Na anayesubiri na mwenzake nusu saa kila siku, kwa miaka, hawezi kubaki mgeni. Utamjua kwa kikohozi chake. Siku asipokuja utauliza.

Mimi mke wangu nilimpata kupitia banda lile. Sisemi zaidi, anasikiliza.

Na hatukusubiri pantoni tu. Mwaka 2008 ukaja mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Tulionyeshwa michoro: maghorofa ya vioo, barabara pana, bustani. Ilikuwa michoro mizuri, tatizo ni kwamba nyumba zetu hazikuwemo. Tukaambiwa tusijenge, tusiendeleze, tusubiri. Nakumbuka mwaka uliofuata nilitaka kumwongezea mama yangu chumba. Nikaenda ofisi moja, wakanielekeza ofisi nyingine, huko wakaniambia subiri. Nikasubiri. Mama alilala sebuleni. Kuna watu kuta zao zilipasuka wakaogopa kuzipiga lipu, wasije wakaambiwa wameendeleza. Miaka ikapita, na mji ule wa kwenye michoro haukujengwa kama ulivyochorwa.

Lakini katika kusubiri huko tulikuwa tunakutana chini ya mwembe kila Jumapili. Kujua haki zetu, kuchagua wa kwenda kusema, kusomeana barua. Mzee wa Kizaramo asiyejua kusoma ameketi na mwanasheria aliyehamia juzi, mmoja anajua mipaka ya mashamba ya babu zake, mwingine anajua sheria ya ardhi. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ujirani wetu uliundwa chini ya ule mwembe na kwenye lile banda, kwa shida, bila mhandisi.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kuimba sifa za shida. Dada mmoja, na nauheshimu ujasiri wake, aliniambia swali langu halimhusu, kwa sababu yeye hapapendi. Nikamwomba anieleze. Akasema: usiku mmoja, kabla daraja halijafunguliwa, uchungu ulimshika wifi yake. Mkunga akaona hali si nzuri, akasema apelekwe mjini. Wakafika kwenye maji pantoni iko upande ule. Walizisubiri taa za pantoni zije, na taa hazikuja haraka. Wifi yake alipona. Mtoto hakupona. "Wewe unasema foleni iliwafanya mjuane," akaniambia. "Mimi foleni naijua vingine."

Nililiacha neno lake kwenye kinasa sauti kama lilivyo. Mtu anayepapenda mahali asikilize na huyo pia.

Kwa hiyo daraja lilipokuja, tulilishukuru. Lina kisa chake. Januari mwaka 2012 nauli ya anayevuka kwa miguu ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Tukapiga kelele. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, akajibu kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Neno hilo watu wa Kigamboni hawajalisahau. Wengine wanalisimulia kwa hasira, wengine kwa kicheko. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Aprili 2016, mtu yule yule, wakati huo akiwa Rais, akaja kutufungulia daraja. Walipotaka kulipa jina lake alikataa, akataka liitwe la Nyerere. Basi tukavuka bila mbizi. Kulikuwa na tozo, tukailalamikia, mwaka 2022 ikapunguzwa.

Na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2022, jiji lilipokaukiwa, Mto Ruvu umepungua na mjini maji ni ya mgao, visima virefu vya Kigamboni vikafunguliwa na maji yakapelekwa mjini. Mama wa mihogo alikuwa anawauliza wateja wake wa mjini: "Haya, maji ya kule matamu?"

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Daraja limetutoa kwenye foleni, na hilo ni jema. Lakini foleni ndiyo ilikuwa baraza yetu, na hatujajenga baraza nyingine mahali pake. Leo kuna watu wa Kigamboni wa aina mbili. Wapo wanaovuka pamoja, kwa pantoni, kwa daladala, wamebanana, wanajuana. Na wapo wanaovuka peke yao, vioo vimepanda, kiyoyozi kinavuma, kutoka geti la nyumbani hadi geti la kazini. Hao wa pili wanaongezeka kila mwezi, na mimi siku nyingi ni mmoja wao. Nina gari, lipo kwenye mkopo, lakini ni gari.

Katika mtaa wangu kuna nyumba nzuri yenye ukuta mrefu na geti jeusi. Mwenyewe amehamia miaka mitatu iliyopita. Ninamjua kwa namba za gari lake. Jina lake nilikuwa silijui mpaka mwezi uliopita, na namna nilivyolijua inanitia aibu kuisimulia: nililisoma kwenye bango la msiba. Lilitundikwa na kampuni ya kukodisha maturubai, lina mshale wa kuwaelekeza waombolezaji kwa mzee fulani, aliyefiwa na mama yake. Mshale unaelekea nyumba ya tano kutoka kwangu. Nikaenda. Tulikuwa majirani watano tu. Wengine wote walikuwa wa ofisini kwake, wamekuja kwa magari, wamekaa saa moja wakaondoka. Jioni yule bwana alikuwa anapanga viti peke yake.

Hapo nikamkumbuka yule mama muuguzi na siku zake saba bila kununua kiberiti. Ni wilaya hiyo hiyo, maji hayo hayo.

Sasa nani wa kulaumiwa? Huyo bwana hakutukosea. Alipohamia, hakuna aliyempigia hodi na kikopo cha mbegu za mchicha. Sisi tuliomtangulia tulifanya nini? Tulimwona amejenga ukuta tukasema, huyu anaringa. Ukuta wenyewe aliujenga kwa sababu aliambiwa kuna vibaka. Na vibaka wanaongezeka kwa sababu watu hawajuani. Ukiuliza ulinzi shirikishi wa mtaa wetu, vijana wanaozunguka usiku na filimbi, wanalipwa na nani, utakuta wapangaji wa chumba kimoja wanatoa mchango wao kila mwezi, na kwenye nyumba zenye mageti mwenye kukusanya anaambiwa na mlinzi, "Bosi hayupo."

Nenda kwenye mkutano wa mtaa uone. Mwenyekiti anasoma mapato na matumizi, anazungumzia taka, mtaro unaofurika wakati wa masika, taa ya njia panda, na kiwanja cha mpira cha watoto ambacho kila mwaka kinakatwa kipande na mtu asiyejulikana. Wanaosikiliza ni wazee, wapangaji na mama wa vikoba. Wenye viwanja vikubwa hawapo. Halafu kiwanja cha watoto kikishaisha, sote tunashangaa watoto wanacheza barabarani.

Nilimpelekea yule mzee wa wavu jibu la swali lake, lile alilonirudishia: nyinyi mlifuata nini? Nilimwambia, mzee wangu, nimewauliza, na karibu wote wamenitajia watu. Akashona hatua mbili tatu. Kisha akasema, "Basi mkikosa watu mtahama." Hakuwa anatisha. Alikuwa anaeleza tu, kama anavyoeleza habari za kusi na kaskazi.

Nadhani hilo ndilo neno la leo. Barabara ya lami itafika hata mahali pengine. Maji ya bomba yatafika. Bei ya kiwanja ikipanda hapa, utauza ukanunue Chanika au Bunju, huko nako kuna upepo. Usichoweza kukinunua kwingine ni daftari lenye jina lako chini ya meza ya mihogo. Lile halihamishiki. Zamani tulijuana kwa sababu maji yalitulazimisha. Sasa hayatulazimishi tena, na anayetaka kujuana na mwenzake itambidi aamue mwenyewe.

Kwa hiyo nina ombi, na si kwa watu wa Kigamboni peke yao. Wewe wa Goba, wa Kinyerezi, wa Mbezi, wa Chamazi, na wewe unayenisikiliza kutoka Buswelu kule Mwanza au Njiro kule Arusha, mahali popote ambapo mji umetanuka na nyumba zimeota haraka kuliko salamu. Wiki hii fanya mambo matatu. La kwanza, ijue nyumba ya mjumbe wako na namba ya mwenyekiti wako wa mtaa kabla hujawa na shida. La pili, kama kuna aliyehamia jirani mwaka huu, mpigie hodi. Usiende mikono mitupu, beba hata mafungu mawili ya mchicha. La tatu, utakapotangazwa mkutano wa mtaa, nenda, hata kama una gari, hata kama una ukuta.

Mimi nimeanza. Jumamosi iliyopita niliacha gari nyumbani nikavuka kwa pantoni. Nilikuwa na kadi, maana siku hizi unagonga kadi pale getini, haina salio, nikasimama nimeduwaa kama mgeni. Kijana nyuma yangu akanigongea yake. Nilipotaka kumrudishia mia mbili yake akasema, "Acha mzee, tutaonana." Anasema tutaonana, na hanijui. Ndivyo watu wa pantoni wanavyoagana.

Jumapili hii saa nne asubuhi kuna mkutano wa mtaa wetu, chini ya ule ule mwembe. Yule bwana wa geti jeusi nimemwalika, amesema atakuja. Viti ni vya kukodi, na atakayefika kwanza ndiye atakayevipanga.